Sura ya Nne: Matundu Manane Yaliyokufa kwa Pamoja

Inspekta Miloje Stamenić alikung'uta theluji kizingitini, akaingia chumba cha walimu na kofia yake kichwani. Watu wa Lipje walishaizoea kofia ile ya manyoya ya kondoo. Aliivua kwa watakatifu na kwa maiti tu, tena leo alikuwa kazini. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na humo ukabaki.

Mwalimu Mkuu Ljubinka alimpokea mlangoni, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, na karatasi iliyokunjwa mara mbili iko mkononi.

"Karibu, Inspekta, karibu. Na asante tena kwa jana. Ule mkate wa mkeo! Tangu nianze kazi hapa hatujapata mwenyeji wa slava aliyetuheshimisha namna ile."

"Nitamfikishia," alisema Miloje.

Jana ilikuwa siku ya Mtakatifu Sava, slava ya shule, yaani sikukuu ya mtakatifu mlinzi wake. Kila mwaka mzazi mmoja au babu mmoja hubeba uwenyeji: huleta mkate, ngano tamu, divai na mshumaa. Huo mshumaa huuwasha mwenyewe asubuhi, na wageni wakiisha huuzima mwenyewe. Mwaka huu zamu ilimwangukia Miloje, maana mjukuu wake yuko darasa la tatu.

"Sasa nionyeshe maiti," alisema.

Maiti ilikuwa kwenye kona ya mashariki, chini ya picha ya mtakatifu. Ilikuwa sipiyu nyeusi, ndefu kama debe, imekaa uchi juu ya stuli fupi. Kando yake mezani skrini iliwaka vizuri tu. Mbele ya skrini, kibodi na kipanya vililala kama samaki wa jana.

Miloje aliitazama picha, akatazama chini yake, akakunja uso.

"Jana hapa palikuwa na kijikabati."

"Kabati gani? Tulihamisha vitu chungu nzima kwa ajili ya wageni. Inspekta, sikukuita kwa habari ya kabati." Ljubinka aliikunjua ile karatasi. "Hii ni barua ya kumwachisha kazi Shangazi Rosanda. Naipeleka wilayani saa sita. Nahitaji taarifa yako niiambatanishe, basi. Kuharibu mali ya shule kwa makusudi."

"Rosanda mfagizi?"

"Shule nzima ina Rosanda mmoja."

"Amebakiza muda gani astaafu?"

"Miezi minane. Usinitazame hivyo, nami nina moyo. Lakini Jumatatu nilimgombeza kwa ajili ya vitambaa vyake vya kufuma. Anavitandika kila mahali, juu ya redio, juu ya simu, utadhani shule ni sebule ya bibi harusi. Akanijibu mbele ya walimu wote, 'Kitu kisichofunikwa hupatwa na baya.' Leo ni Alhamisi. Baya hilo hapo."

Miloje akaitika kwa kichwa. Alikuwa na maneno ya vitisho, siku, na mtu mwenye funguo. Kesi kama hii humalizika kabla kahawa haijapoa. Alianza kufikiria supu ya nyumbani.

"Nani amemkuta marehemu?"

"Mimi," alisema mwanamke kijana aliyepiga magoti nyuma ya stuli. Huyu alikuwa Mwalimu Jagoda, anayefundisha kompyuta siku mbili kwa wiki. Alikuwa na bisibisi mdomoni kama fundi cherehani na sindano yake. Aliitoa. "Saa moja na nusu. Nimewasha, imewaka. Nikashika kipanya, kimya. Kibodi, kimya."

"Huenda kipanya ndicho kibovu."

"Tazama." Alikichomoa kipanya, akakichomeka kwenye kompyuta yake ndogo ya mkononi. Taa nyekundu ikawaka tumboni mwake na mshale ukatembea. "Kipanya kizima." Akakirudisha kwenye sipiyu, tundu moja baada ya jingine. Yalikuwa manane: sita nyuma, mawili juu ya paji la sipiyu yakitazama dari. Kipanya hakikuwaka popote. "Na hii flashi yangu, hivyo hivyo. Tundu moja likifa, unasema limezeeka. Manane kwa usiku mmoja?"

"Umejaribu kuizima?"

"Nimeizima. Nimechomoa waya wa umeme, nimebonyeza kitufe cha kuwashia nikahesabu mpaka thelathini ili umeme uliobaki ndani utoke wote. Nikairudisha. Kimya."

"Basi ni mkono wa mtu."

"Au kitu cha mtu," alisema Jagoda.

Miloje aliinama. Nyuma ya sipiyu, kwenye tundu la chini kabisa, paliingia waya mwembamba. Aliufuata kwa mkono wa kushoto. Ulipita chini ya meza, ukazunguka mguu wa kiti, ukaishia hewani na vichwa viwili vidogo visivyo na kazi.

"Hiki nini?"

Kwenye kochi, Mwalimu Živadin wa michezo alikohoa. Živadin ni mtu wa mabega mapana, filimbi shingoni. Dakika kumi zilizopita Miloje alimpita uwanjani akiwakimbiza watoto wa darasa la tano kwenye theluji.

"Wako?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Nani anaandika."

"Mwalimu Jagoda anaandika," alisema Miloje. "Mimi bega langu limeteguka. Haya, waya wa nini?"

Živadin aliinama, akavua kiatu kimoja, akakigeuza. Ndani mlikuwa na soli nene yenye kijitundu kisiginoni. "Zinapasha nyayo. Unazichomeka kwa saa moja, unatembea nazo asubuhi nzima."

Jagoda alificha uso kwenye daftari, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Wewe!" alisema Ljubinka. "Wewe unayewaambia watoto wa watu kwamba baridi hujenga mwanaume!"

"Inawajenga wao. Mimi nilishajengwa." Masikio ya Živadin yalikuwa mekundu kama nyanya. "Inspekta, nakuomba kama kaka. Andikeni 'kifaa'. Msiandike 'soli'. Wale wa darasa la nane wakisikia, nahama kijiji."

"Jana ulizichomeka?"

"Jana nilikuwa na viatu vya suti. Juzi zilifanya kazi, na matundu yote yalikuwa hai, maana Mwalimu Mkuu alikuwa akichapa barua hapo hapo."

"Ni kweli," alisema Ljubinka.

"Andika 'kifaa'," Miloje alimwambia Jagoda.

Živadin akashusha pumzi, na roho ilipomrudia, ulimi nao ukarudi. "Na wewe, Inspekta? Tangu lini umekuwa wa kushoto?"

"Nimesema bega."

"Jana ulikata mkate kwa kulia."

"Na leo linauma kwa sababu nilikata mkate. Kavae kiatu chako."

*

Rosanda aliingia na sinia ya kahawa kabla hajaitwa. Alikuwa mama mfupi, kilemba cha kitambaa cha bluu, aproni iliyopigwa pasi. Nusu ya watu wazima wa Lipje aliwafuta makamasi walipokuwa darasa la kwanza, na wote mpaka leo humwita Shangazi. Aliweka kikombe mbele ya kila mtu. Vya wengine vilijaa mpaka povu likagusa ukingo. Cha Miloje kilifika nusu.

Miloje alikitazama kikombe. Akanywa kwa mkono wa kushoto.

"Kaa, Shangazi."

"Nimezoea kusimama, jirani."

"Jana nani alitoka mwisho chumba hiki?"

"Mimi. Nilifunga, nikaenda na ufunguo."

"Kabla yako?"

"Wewe."

"Mimi nilitoka saa kumi na moja, ukanishikia mlango. Baada ya hapo ukabaki peke yako na mashine."

"Nilibaki na masufuria."

"Uliipangusa mashine?"

Rosanda alizishika pembe za aproni, akazikunja kama mtu anayefunga kitu kidogo ndani.

"Shangazi, nauliza. Uliipangusa kwa kitambaa chenye maji?"

"Nilipangusa kila kitu."

"Hujui kuwa umeme na maji havikai pamoja?"

"Najua."

"Unajua na ukapangusa! Basi ulikusudia!" Sauti ya Miloje ilipanda. Kahawa ilikuwa inapoa na saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. "Jumatatu unamtisha Mwalimu Mkuu mbele ya watu, Jumatano unabaki peke yako, Alhamisi mashine imekufa. Unaniona mimi mtoto? Miaka thelathini na moja ya kazi, halafu unasimama kudanganya mbele ya Mtakatifu Sava? Huoni haya?"

Mama yule aliinua macho. Hayakwenda kwa Mwalimu Mkuu wala kwenye picha. Yalikwenda kwenye mfuko wa koti la Miloje, yakakaa kidogo, yakarudi sakafuni.

"Naona, jirani. Tangu jana naona haya. Niandike nilipangusa, yaishe."

Jagoda aliacha kuandika. Živadin aligeukia dirishani.

"Na kitendawili," alisema Rosanda.

"Shangazi, haya ni mahojiano ya polisi."

"Kitendawili!"

"Tega," alisema Jagoda, kwa kuzoea tu, kama watoto wote waliopitia shule ile.

"Nyumba ina milango minane. Mtu mmoja ameifunga yote kwa mkupuo mmoja, hakugusa hata mmoja. Na saa ile alikuwa amevua kofia."

Živadin akajaribu. "Padri!"

"Padri alishakwenda kwa watu wengine. Alikuwa na nyumba saba za kupitia."

"Fundi umeme," alisema Ljubinka kwa hasira.

"Fundi havui kofia."

Miloje alisukuma kikombe. "Sijui, Shangazi, na sina muda."

"Basi nipe mji."

"Chukua Niš."

"Nimeuchukua. Nimekwenda Niš, nimekula, nimekunywa, nimelala kitanda cha manyoya, nikaamka wananiamkia." Aliokota sinia. "Lakini jibu sikupi, jirani. Mji nakuwekea."

Akatoka. Mlango ukajifunga taratibu.

"Andika," Miloje alimwambia Jagoda. "Amekiri kupangusa mashine kwa maji."

Jagoda aliandika herufi chache, akasimama. "Inspekta, mimi ni mwalimu tu. Lakini kitambaa cha maji kikipita juu ya kasha, kitaua vipi matundu ya nyuma? Ukipangusa mlango wa mbele, wa uani haulowi."

"Amekiri."

"Živadin naye angekiri kuua mtu ili tusiandike 'soli'. Nipe nusu saa."

Ljubinka alitazama saa. Miloje aliitazama barua iliyokunjwa, kisha kikombe chake kilichokuwa nusu. Kuna kitu kilimkera, na hakikuwa supu.

"Nusu saa," alisema.

*

"Shida yangu," alisema Jagoda, "ni kwamba mashine ina jambo la kusema, nami sina cha kuiulizia. Kibodi haisikii. Ningepata kibodi ya zamani, ile yenye kichwa cha duara, cha zambarau. Nyuma hapa kuna tundu lake, halipiti njia ya haya manane."

"Hizo tulitupa zote," alisema Ljubinka.

"Iko stoo," ilisema sauti ya Rosanda nje ya mlango. Kumbe hakwenda mbali. "Ndani ya sanduku la mapambo ya Mwaka Mpya. Mlinipa nikaitupe, nikaona haijanikosea kitu."

Ikaletwa, ina vumbi na uzi wa dhahabu wa mti wa sikukuu umenasa kati ya herufi. Jagoda alizima mashine, akaichomeka, akawasha. Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye kibodi. Akagonga neno la siri, na mara ikatokea kwenye kona ya skrini alama ya njano yenye maneno machache.

"Soma," alisema Miloje.

"Inasema umeme umezidi kwenye tundu la USB." Jagoda alipiga makofi ya furaha. "Matundu hayajafa, Inspekta! Mashine imeyafunga yenyewe. Kuna tundu moja lina shoti, umeme unavuja, na hii ikaogopa kuungua, ikakata kwa wote. Kama mama anayefunga nyumba nzima kwa kuwa mtoto mmoja ana surua."

"Mtoto yupi?"

"Ngoja."

Alizima, akachomoa umeme, akafungua skrubu mbili, akatoa ubavu wa kasha. Ndani palikuwa na vumbi la kijivu na feni. Kutoka kwenye yale matundu mawili ya juu, waya mnene ulishuka hadi kwenye bodi. Jagoda akaushika kwa vidole viwili, akauchomoa kwenye bodi, akauacha unaning'inia. Akawasha tena.

Taa nyekundu iliwaka tumboni mwa kipanya. Akakichomeka tundu la pili, la tatu, mpaka la sita. Yote sita ya nyuma yalikuwa hai.

"Bwana asifiwe," alisema Živadin, "si soli."

"Basi mgonjwa yuko juu," alisema Miloje. Alikuwa ameshaanza kuinama, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayefikiria supu. "Kurunzi."

Waliangalia wote wawili, vichwa vikigusana. Kwenye tundu la kushoto mlikuwa na kitu cheusi, chenye kung'aa. Jagoda alichovya kijiti cha kuchokolea meno, akakivuta. Kilivuta uzi.

"Maji hukauka," alisema. "Hiki kimeganda, kinanata."

Miloje alinusa kijiti. Akanusa tena. Ilikuwa harufu ya siki na zabibu.

"Divai," alisema. "Divai nyekundu." Alinyooka, akamgeukia Živadin kama mbwa aliyeona sungura. "Jana ulikaa kochi lile, hatua mbili kutoka hapa. Glasi yako uliiweka wapi?"

"Divai? Mimi? Mimi nakunywa rakija kali, ndugu yangu. Divai ni ya mapadri na wakwe. Waulize wote."

"Kweli," alisema Ljubinka. "Na divai ilikuwa chupa moja tu, ile uliyoleta wewe, Inspekta. Padri aliumwagia mkate, mkate ukaliwa. Iliyobaki ikawekwa pale mezani, hakuna aliyeigusa."

"Kuna aliyeigusa."

Miloje alipitisha kidole cha kushoto juu ya kasha, pembeni mwa matundu. Palikuwa pasafi, pamepanguswa vizuri. Lakini ndani ya mfereji mwembamba pale vipande viwili vya plastiki vinapokutana, ukucha wake ulikwaruza kitu laini. Alikitazama kwenye mwanga. Kilikuwa cha njano, na kilinukia nta ya nyuki.

Alikisugua kati ya vidole, akainua macho kwenye picha ya mtakatifu.

"Shangazi," aliita hatimaye, na safari hii aliita taratibu. "Ingia."

Rosanda akaingia.

"Asubuhi hii ulitoa nini juu ya mashine hii?"

"Vumbi."

"Shangazi."

"Kitambaa, jirani. Cha kufuma. Nilikiweka juzi jioni kwa ajili ya sikukuu. Lile debe jeusi limekaa uchi chini ya mtakatifu, wageni wanakuja, niliona aibu kwa niaba ya shule."

"Kiko wapi?"

"Nimekifua. Kiko juu ya bomba la joto, kinakauka."

"Kilete."

"Jirani, kiache. Nimeshakubali, ameshaandika. Kiache."

"Kilete, nakuomba."

Alikwenda kukileta, akitembea kama anakwenda kuleta kitu cha marehemu. Kilikuwa kitambaa kikubwa cheupe, maua yamefumwa, shada ndefu za nyuzi zikining'inia pande zote. Miloje hakukipokea. Alionyesha kasha kwa kidevu.

"Kitandike kama kilivyokuwa."

Rosanda alikitandaza juu ya sipiyu. Shada zikashuka ubavuni mpaka kwenye stuli, zikafunika weusi wote, taa, kitufe, matundu. Kisha akasogea pembeni.

Chini ya picha ya mtakatifu palikuwa na kijikabati.

Kijikabati kilekile cha jana. Na katikati ya kitambaa, pale juu, sabuni ilikuwa imeshindwa. Kulikuwa na duara hafifu la zambarau, upana wa kikombe, na michirizi miwili iliyokimbilia ukingoni.

Ljubinka aliangalia kitambaa, akaangalia picha, akafungua mdomo. Akaufunga. Kila mtu chumbani alikuwa mtoto wa nyumba yenye slava. Kila mtu alijua mshumaa wa sikukuu haupulizwi, kwa kuwa ni kama kuitemea nyumba. Huzimwa kwa divai, matone machache, kwa mkono wa mwenyeji, amesimama mbele ya mtakatifu.

Amevua kofia.

Masikio ya Miloje yaliwaka. Wekundu ulishuka shingoni, ukaingia chini ya kola.

"Palikuwa na upepo," alisema, kama anajibu swali la hakimu. "Mlango unafunguliwa, dirisha halifungi vizuri. Mshumaa ukizimika wenyewe ni balaa. Nikauondoa mezani nikauweka pale, kwenye kona, juu ya... nilidhani ni kabati. Wageni walipokwisha, nikamimina kijiko."

"Kijiko kimoja hakifanyi hivi," alisema Jagoda kwa upole.

"Hapana."

Ndipo alipoutoa mkono wa kulia mfukoni. Aliunyoosha mbele yao, kiganja chini. Vidole vilitetemeka kama jani la mpopla upeponi, navyo havikuacha hata alipouminya kwa mkono wa pili.

"Tangu masika," alisema. "Kijiko cha kwanza kilikwenda nje. Cha pili vilevile. Mwisho nikamimina kwa chupa. Shangazi alikuwa mlangoni ameshika kitasa, nikajua hajaona, maana alikuwa ameinamisha kichwa."

"Niliinamisha nisione," alisema Rosanda.

"Kwa nini hukusema? Nimekupigia kelele hapa kama mwizi wa kuku."

"Ningesema nini, jirani? Kwamba mwenyeji alimwaga divai mbele ya Mtakatifu Sava? Mkate mzuri vile, mkeo amekesha. Na wewe umebakiza mwaka mmoja. Wakiujua mkono huo, kesho wanachukua bastola yako, keshokutwa uko nyumbani unahesabu kuku. Mimi miezi minane tu. Nilipiga hesabu zangu, nikaona yangu ni ndogo."

Ljubinka alivaa miwani, akaivua. Barua ilikuwa bado mkononi mwake, na sasa alionekana hajui aiweke wapi.

"Inspekta," alisema, sauti chini, "hakuna sababu ya kulikuza. Tuandike 'ajali'. Kimiminika. Bila majina. Jagoda atasafisha matundu, barua naichana, hakuna atakayejua."

"Na huyu aliyesimama hapa akaambiwa haoni haya, naye hatajua?" alisema Miloje. "Hilo nalo tutaliandika 'kimiminika'?"

Živadin alikuwa ameshika filimbi yake kama mtu anayeogopa italia yenyewe.

Miloje aliivua kofia. Nywele chini yake zilikuwa nyeupe na chache, zimelala kwa jasho, na bila kofia alionekana mdogo kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Alimgeukia Rosanda.

"Nisamehe, Shangazi. Mbele ya hawa hawa niliokufokea mbele yao."

"Mungu akusamehe. Nami nilidanganya polisi, kwa hiyo tuko sawa."

"Hatuko sawa." Alivuta kiti, akaketi mezani. "Mwalimu Jagoda, nipe karatasi mpya. Ile ichane."

"Nitakuandikia, Inspekta. Bega lako..."

"Sina ubaya wowote begani. Nipe kalamu."

Aliishika kwa mkono wa kulia. Herufi ya kwanza ilitoka kama kamba iliyotupwa, ya pili ikaipanda ya kwanza. Aliandika tarehe, akaandika mahali. Kwenye mstari wa mhusika aliandika jina lake, na jina likachukua mstari mzima na nusu ya ule wa chini. Chumba kizima kilisikia kalamu ikikwaruza. Karatasi ilianza kuteleza mezani kila mkono ulipotikisika, akairudisha, ikateleza tena.

Rosanda alisogea. Aliweka vidole viwili kwenye pembe ya karatasi, akaibana.

Miloje aliandika mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Alipoweka sahihi, ambayo karani yeyote wa wilaya angeitazama mara moja akajua la kujua, aliisukuma taarifa kwa Mwalimu Mkuu.

"Hii ambatanisha," alisema. "Saa sita haijafika."

Kisha akakaa kidogo na kofia magotini, bila kumtazama mtu.

"Shangazi," alisema. "Nirudishie Niš yangu."

"Chukua, jirani," alisema Rosanda, akaanza kukusanya vikombe.